Hilux Vigo 2KD ya mkononi: nianze na nini kabla ya springi na tairi kubwa?

MzigoWaChalinze

Salaam wakuu. Gari ni Toyota Hilux Vigo dabo kabini ya 2009, injini 2KD-FTV ya lita 2.5, gia za mkono, fo wili, dashibodi inasoma kilomita 218,000. Nimeinunua mkononi, haina rekodi yoyote ya sevisi. Taa ya mkanda wa taimingi haiwaki.

Kazi yake: Jumatatu hadi Ijumaa ni Kimara–Posta hapa Dar kwenye foleni. Jumamosi inakwenda Chalinze na mifuko 10 ya chakula cha kuku ya kilo 50, mara nyingine na madumu ya maji, na kilomita 12 za mwisho ni njia ya mashimo.

Kwa sasa asubuhi ikiwaka inagonga tak-tak kwa sekunde kadhaa na kutoa moshi mweupe kidogo, halafu inatulia. Ikiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) na AC imewashwa, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka. Na ikibeba mzigo inakaa chini sana nyuma.

Fundi ameshauri tuongeze vyuma viwili vya springi kila upande, spesa za inchi 2 mbele, na tairi 285/70R17. Bajeti inatosha awamu moja tu kwa sasa. Nianze wapi?

---

NozeliNne

Mkuu, hela ya awamu hii yote ipeleke kwenye injini. Dalili zako za asubuhi kwenye 2KD kwanza zinatiliwa shaka vitako vya nozeli (vipulizi vya dizeli), na hapo ndipo nyingi ya injini hizi zinapofia.

Kwenye 2KD, na injini ndugu yake 1KD pia, nozeli zimekaa ndani ya kava la juu pamoja na kamshafti. Chini ya kila nozeli kuna washa (pete) nyembamba inayozuia moto wa silinda usipande. Kwenye injini nyingi washa hiyo ikichoka gesi hutoka nje, unasikia chaf-chaf na kuona masizi, unapeleka gari kwa fundi. Hapa gesi inaingia moja kwa moja kwenye oili na huoni kitu. Oili inageuka lami, vipande vigumu vya masizi vinashuka mpaka kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini), vinaenda kunata kwenye chujio la mdomo wa pampu ya oili. Chujio likiziba pampu inakosa cha kunyonya, beringi za krenki zinakauka, injini inanoki. Stiki ya oili wakati huo inaonyesha oili imejaa vizuri kabisa.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hujaitoa gari: washa ikiwa baridi na utazame taa nyekundu ya kopo la oili. Inatakiwa izimike ndani ya sekunde moja au mbili. Ikikaa zaidi ya tatu, izime na usiiendeshe tena mpaka sampu ifunguliwe. Hata ikizimika haraka, usitulie hapo, kwa sababu taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshakaribia sifuri. Chujio lililoziba nusu haliwashi taa.

Hatua ya pili, injini ikiwa imezimwa, fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike kwa tochi. Weusi wa kawaida wa oili ya dizeli unafutika kwa kitambaa. Ukiona ugandio kama lami ya barabarani ambao ukucha unaukwangua, gesi inavuja.

Ya tatu ndiyo yenye uhakika, nayo ni rahisi: siku ya kumwaga oili, pitisha kamera ndogo ya waya, ile ya kuchomeka kwenye simu, kwenye tundu la nati ya sampu. Chujio linaonekana kupitia tundu hilohilo. Wavu ukiwa wazi utauona unang'aa. Ukiwa na maganda meusi, fungua sehemu ya chini ya sampu, ile ya bati, chujio litolewe lisafishwe au libadilishwe.

Nasisitiza: USIMWAGE dawa ya kusafishia injini kabla ya kufanya hivi. Dawa inang'oa masizi yote kwa mpigo na kuyapeleka kwenye chujio. Injini iliyokuwa na mwezi mmoja wa kuishi unaibakizia safari moja.

Halafu tafuta mtu mwenye mashine ya kupimia inayosoma Toyota vizuri, asome masahihisho ya nozeli zote nne injini ikiwa imepata moto, sailensa, AC imezimwa. Kila silinda itatoa namba yake. Kati ya −3.0 na +3.0 uko salama. Namba ya chanya kubwa maana yake kompyuta inaongezea silinda hiyo mafuta kwa kuwa haina nguvu. Ya hasi kubwa, nozeli inamwaga kupita kiasi. Lete namba hapa.

Mizunguko kupanda na kushuka: mara nyingi ni ile vali ndogo ya kudhibiti mafuta iliyofungwa kwa boliti mbili kwenye pampu ya presha, mafundi wanaiita SCV. Lakini chujio la dizeli lililoziba linatoa dalili hiyohiyo kwa bei ndogo zaidi, basi badilisha chujio kwanza, kisha toa maji: legeza nati ya chini ya chujio, bonyeza pampu ya mkono ya juu mpaka itoke dizeli tupu, kaza. Tatizo likibaki na mashine ikitoa kodi ya hitilafu P1229, hapo nunua SCV. Nunua mpya. Ya mtumba imeshachakaa kama hiyo yako.

Mkanda wa taimingi: taa kutowaka hakuthibitishi chochote. Inawekwa upya kwa kibonyezo cha tripu kwenye dashibodi bila kugusa mkanda. Kwa kuwa hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa pamoja na tensha na puli yake, na oili sili ya kamshafti ikiwa imelowa. Mkanda ukikatika kwenye injini hii vali zinagongana na pistoni, na gharama yake inaanzia kwenye hedi kwenda juu.

---

SpringiBapa

Naunga mkono hapo juu. Mimi nitajibu suala la kukaa chini, maana ushauri uliopewa utakuharibia gari siku tano za wiki kwa ajili ya siku moja.

Kabla ya kuongeza chuma chochote, pima. Gari tupu, sehemu ya sawa, chukua tepu na upime kutoka katikati ya rimu ya nyuma kwenda juu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Pande zikitofautiana zaidi ya milimita 15, springi moja imechoka au imekatika chuma cha ndani, na kuongeza vyuma juu ya springi iliyokufa ni kuficha ugonjwa. Mulika chini ya kila springi. Mpasuko huanzia karibu na boliti ya katikati, na wakati mwingine unachoona ni mstari mwembamba wa kutu unaokata chuma kwa upana. Angalia pia bushi za pingu (vishikizo vya ncha za springi). Zikiwa zimeisha, gari linayumba mkia hata likiwa na springi mpya.

Kama springi ni nzima ila imelegea, njia yenye akili kwa mzigo wako ni chuma KIMOJA kila upande, kile kinachokaa chini na kugusa tu mzigo ukiingia. Gari tupu kisifanye kazi. Vyuma viwili vya kudumu vitaifanya Vigo irukeruke kwenye matuta ya Kimara ikiwa tupu, tairi za nyuma zinapoteza kushika barabara kwenye lami iliyolowa, na shokapu zinakufa mapema.

Ikifungwa, dai vitu viwili. Yubolti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika na uzi wake hautashika kipimo. Zikazwe kwa msalaba, kidogokidogo, kwa spana ya kipimo, na zirudiwe baada ya kilomita 500 na mzigo ukiwa umeshapanda mara moja au mbili. Yubolti ikilegea, boliti ya katikati inabaki peke yake kushikilia ekseli, inakatika, na ekseli inasogea nyuma upande mmoja. Utaona gari linakwenda upandeupande kama mbwa anavyokimbia.

Na usimkubalie mtu kupiga springi moto wa gesi ili "kuirudisha kimo". Inapanda siku hiyo, ila chuma kimepoteza ugumu wake pale kilipochomwa na kitakatika palepale.

Sasa jambo ambalo karibu kila anayeinua Hilux nyuma analisahau. Tazama juu ya ekseli ya nyuma: kwenye chesisi kuna vali ya breki na fimbo inayoshuka kushika ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Ekseli ikikaribia chesisi, vali inaelewa gari limebeba na inapeleka presha zaidi breki za nyuma. Ukiinua gari kwa milimita 50 bila kurekebisha kibano cha fimbo hiyo, vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa na kilo 500. Breki za nyuma zinalala, za mbele zinafanya kazi yote, pedi zinaisha haraka na gari linachelewa kusimama ukiwa umebeba. Kibano kinahitaji kushushwa au kuinuliwa kulingana na kilivyofungwa kwako, ili fimbo irudi pembe ileile iliyokuwa nayo gari likiwa tupu. Weka alama na upige picha ya pembe hiyo KABLA ya kuinua. Kama gari yako ina ABS na haina vali hiyo, hili halikuhusu, ila kagua urefu wa hosi ya breki ekseli ikining'inia.

Kuhusu namna ya kupakia: dabo kabini ina bodi fupi na sehemu kubwa yake imeenda nyuma ya ekseli. Umbali wa ekseli kwa ekseli ni milimita 3,085. Ukiweka kilo 200 za maji mlangoni kabisa, mita 1 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma inabeba karibu kilo 265 na ya mbele inapungukiwa 65. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu ya miti. Madumu yakae mbele yamegusa kabini, mifuko ya chakula nyuma yake. Hilo peke yake litapunguza kukaa chini kwako, na halina gharama.

---

MtaaWaGerezani

Kwa joto la Dar na foleni hiyo, mtoe thamostati (vali ya joto ya maji ya injini) mkuu. Gari nyingi zimetolewa na hazichemshi.

---

KulantiSafi

Hapana, thamostati iachwe. Injini hii imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto. Thamostati inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, gari tupu asubuhi barabarani halifiki joto lake. Kompyuta inaendelea kuongeza mafuta ikidhani injini ni baridi, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili, na oili chafu ndiyo adui mkubwa wa 2KD kama mkuu NozeliNne alivyoeleza. Kwenye foleni, ambako ndiko unakoogopa, thamostati nzima huwa imefunguka kabisa, kwa hiyo kuitoa hakukusaidii kitu huko.

Inayochemsha kwenye foleni kawaida ni mambo matatu. Rejeta na kondensa ya AC zimebanana na katikati yake kumejaa vumbi, majani na wadudu. Unaosha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa feni kwenda nje, ukiosha kwa mbele unasukuma uchafu ndani. Feni ya viskasi imechoka: injini ikiwa imezimwa na ina moto, izungushe kwa mkono, ikizunguka kwa wepesi kama pia bila ukinzani, imekufa. Kifuniko cha rejeta mpira wake umekakamaa, hakishiki presha, maji yanachemka mapema. Badilisha hicho kwanza, ni kitu kidogo.

Na weka kulanti, siyo maji ya bomba. Maji yetu mengi yana chumvi, yanaacha magamba ndani ya rejeta na kula pampu ya maji.

---

MtaaWaGerezani

Nimekuelewa kuhusu oili kuchanganyika na dizeli. Nafuta ushauri wangu, aikague feni kwanza.

---

MakanikaWaPwani

Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi wa Dar na sisi tuna adui mmoja, chumvi ya bahari. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma ya kabini hadi kwenye vishikizo vya springi za nyuma. Chuma kizima kinalia kwa mlio mkali. Kilicholiwa kwa ndani kinatoa mlio mfu. Matope hukaa ndani ya chesisi na kuziba matundu ya kutolea maji. Yazibue kwa waya, ingiza mpira wa maji, osha mpaka yatoke safi, acha ikauke siku mbili, ndipo upulize nta ya kuzuia kutu kwa ndani. Wengi hupaka oili chafu. Inazuia kutu kweli, lakini ikigusa bushi na mipira ya breki inaivimbisha na kuilainisha.

Kuna vipumulio vya difu pia. Juu ya difu ya nyuma kuna kikofia kidogo. Difu ikipata moto safarini halafu ukaingia kwenye maji ya mvua, hewa ya ndani inapoa na kujivuta. Kipumulio kikiwa kimeziba, inanyonya maji kupitia oili sili. Oili ya difu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hayo ndiyo yaliyotokea. Toa kikofia, unganisha hosi ya mafuta ukaipandishe hadi nyuma ya taa ya nyuma, umalize na kichujio kidogo. Kazi ya nusu saa.

Ukibadilisha oili ya difu na giaboksi, fungua nati ya KUJAZIA kabla ya ile ya kumwagia. Nati ya kujazia ikikataa kufunguka na umeshamwaga oili, gari halitoki hapo. Difu ya nyuma ni 80W-90 GL-5 au 85W-90, giaboksi 75W-90, jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu gari likiwa sawa.

Propela shafti zina nipeli za grisi kwenye kros na kwenye sehemu inayoteleza. Piga grisi kila sevisi, na kila ukitoka kwenye maji mengi. Mtu akikuambia gari linapiga "tong" ukiondoka taa za barabarani, mwulize kwanza alipiga grisi lini.

Ya mwisho: fo wili ambayo haitumiki inaganda. Mara moja kwa mwezi, kwenye njia ya vumbi ya Chalinze, weka H4 (fo wili ya kasi ya kawaida) uende kilomita mbili tatu. Usifanye hivyo kwenye lami kavu, mfumo huu hauna difu ya katikati na unajikaza wenyewe.

---

MzigoWaChalinze

Asanteni sana wakuu. Matokeo ya wiki hii:

Taa ya oili inazimika baada ya sekunde mbili hivi. Chujio la dizeli limebadilishwa, lilikuwa jeusi na kikombe kilikuwa na maji ya kama vijiko viwili. Kupanda na kushuka kumepungua sana, imebaki kidogo AC inapokata. Mashine haina kodi yoyote. Masahihisho ya nozeli: silinda ya 1 −0.9, ya 2 −1.4, ya 3 +3.9, ya 4 −1.6.

Kamera imeonyesha chujio la oili limeziba, kwa macho naona kama theluthi moja ya wavu imefunikwa. Vipande vyenyewe vimetoka na oili, ukivisugua kati ya vidole vinasagika kama mkaa.

Nyuma: kushoto milimita 498, kulia 519.

Swali la ziada: tairi 285 bado ni mbaya kiasi hicho? Na spesa za mbele?

---

NozeliNne

Silinda ya 3 ndiyo inayovuja, au nozeli yake imechoka. Hatua ni hizi.

Gari isitembee mpaka chujio lisafishwe. Sampu ya bati ikifunguliwa, sugua silikoni yote ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki, pande zote mbili. Wakati wa kufunga, uzi wa silikoni uwe wa milimita 3, usizidi, na upite upande wa ndani wa matundu ya boliti. Fundi akimimina silikoni nyingi "ili isivuje", inayozidi inabanwa kwenda ndani, inakatika vipande na kwenda kuziba chujio lilelile mlilotoka kulisafisha.

Nozeli zote nne zitoke, siyo ya 3 peke yake. Washa za zote zina umri mmoja. Weka alama namba ya silinda kwenye kila nozeli na kila paipu. Kabla ya kusafisha kitako, ziba tundu la chini kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichopakwa grisi, sugua kwa brashi ya shimo la nozeli mpaka uone chuma kinang'aa duara zima, vuta uchafu kwa hewa ya kunyonya, ndipo utoe kitambaa. Punje moja ya masizi ikibaki kwenye kitako, washa mpya itavuja kuanzia siku ya kwanza. Washa za zamani hazirudishwi hata zikionekana nzima. Badilisha na sili za shingo za nozeli na gasketi ya kava, maana kava likifunguliwa za zamani hazikai tena.

Peleka nozeli zikapimwe kwenye benchi wakati ziko nje. Kama ya 3 inapita mtihani, tatizo lilikuwa kitako. Kama hakuna benchi karibu, badilishana nafasi ya nozeli ya 3 na ya 1, halafu soma mashine tena. +3.9 ikihamia silinda ya 1, nozeli ndiyo mbovu. Ikibaki ya 3 na vitako ni vipya, pima kompresheni ya silinda hiyo.

Tahadhari moja ya uhai: paipu za presha za gari hii zinapita bar 1,000. Usilegeze nati yoyote injini ikiwa inazunguka, kama ilivyozoeleka kwenye pampu za injini za zamani za 3L na 5L, na usitafute uvujaji kwa kidole. Dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi bila kuisikia, na hospitali ndiyo itakayoshughulika na mkono wako. Tumia kipande cha kadibodi.

Kuwasha mara ya kwanza: jaza oili, jaza na filta kabla ya kuifunga, chomoa soketi nne za nozeli, piga stata kwa sekunde 10 mara mbili au tatu mpaka taa ya oili izimike. Rudisha soketi, washa, futa kodi zitakazojitokeza.

Oili 15W-40 yenye alama ya CI-4 inatosha, karibu lita 7 pamoja na filta, mwisho wa kujaza uamuliwe na stiki. Badilisha baada ya kilomita 1,000, tena baada ya 2,500, kisha kila 5,000. Masizi yaliyobaki kwenye njia za oili yataendelea kutoka, kwa hiyo rudisha kamera kwenye tundu la sampu kila unapomwaga.

Na kama unataka kitu cha kuongeza kwenye gari hii, funga geji ya presha ya oili. Ndiyo nyongeza ya kwanza ningemshauri mwenye 2KD yeyote, kabla ya bampa na taa. Injini ikiwa na moto kwenye mizunguko 3,000 inatakiwa ionyeshe bar 2.5 au zaidi. Ukiona wiki hii 3.5 na mwezi ujao 2.8 kwa joto na mizunguko ileile, chujio linaanza kuziba tena na umelijua mapema.

Dizeli: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji wa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya presha wala nozeli. Jaza kituo chenye mauzo makubwa, na toa maji kwenye chujio kila mwezi, hasa masika.

---

SpringiBapa

Kushoto 498 na kulia 519, tofauti ni milimita 21. Springi ya kushoto imechoka au ina chuma kilichokatika. Ifungue kwanza. Ukibadilisha, badilisha pande zote mbili, kisha ndipo uone kama chuma cha ziada bado kinahitajika.

Tairi: kama gari lako lina 265/65R17, kipenyo chake ni karibu milimita 776. Tairi 285/70R17 ni karibu 831. Umeinua tumbo la gari kwa milimita 27 tu, nusu ya tofauti. Kwa hizo 27 unalipa asilimia 7 ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, klachi inateleza zaidi kwenye foleni ya Ubungo, breki zina gurudumu zito zaidi la kusimamisha, na ukisoma 100 uko 107. Sevisi yako ya kilomita 5,000 kwenye dashibodi ni 5,350 halisi. Ukitaka kupanda kidogo, 265/70R17 ni karibu milimita 803, tofauti ya asilimia 3.4, na inaingia bila kukata kitu. Tazama zaidi uwezo wa kubeba uliochapwa ubavuni. Namba 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Spesa za mbele: hapa fundi wako anahitaji kuulizwa swali. Kwenye Vigo shokapu na springi ya mbele zimeshika mkono wa chini karibu katikati, kwa hiyo spesa inayowekwa juu ya shokapu inainua gari karibu mara mbili ya unene wake. Spesa ya milimita 25 inakupa karibu 50 kwenye gurudumu. Ya inchi 2 itakupa karibu inchi 4: mipira ya sivi jointi itapasuka, bol jointi za juu zitagusa mwisho wake, na alaimenti haitarudi. Kama lengo ni mbele na nyuma kulingana baada ya springi mpya, milimita 10 hadi 15 za spesa zinatosha, kisha alaimenti siku hiyohiyo. Mara nyingi ukishapata springi mpya nyuma utaona mbele haihitaji chochote.

---

MzigoWaChalinze

Spesa na 285 nimeziacha. Springi ya kushoto imefunguliwa leo mchana, chuma cha tatu kimekatika sentimita nne kutoka kwenye boliti ya katikati, na pale kilipokatika kuna kutu ya zamani. Nozeli zinatoka Jumatatu. Nitaleta namba mpya za mashine.

---

MakanikaWaPwani

Vizuri ndugu. Springi ikiwa chini, tazama pia kitako cha shokapu kwenye chesisi upande huohuo wa kushoto. Chuma kilipokatika, shokapu ndiyo iliyokuwa inabeba mishtuko. Safisha kwa brashi ya waya mpaka rangi itoke, tafuta ufa kwenye ungio la weldi, mulika kwa tochi kwa pembeni, siyo moja kwa moja.